Plani ya shamba ku kilima: mambo ya kujua mbele ya kuandika

Nyinyi vijana benye munaanza kazi ya agronomu huku Bukavu, na wewe mwenye baba amekuachia shamba ku Kabare ama Walungu, kwanza muache karatasi ya plani ya kulinda udongo na maji ku nyumba. Muende ku shamba siku mvua inanyesha, na mabote na mwamvuli, musimame pale maji inaingilia, kisha muifwate mpaka pale inatokea. Maji haijue mupaka wa parseli. Ule mufereji unaokula shamba yako mara mingi umeanzia kwa jirani wa juu, na matope yako inaenda kulala ku chemchem ya bamama ba chini. Kama krokii yako (muchoro wa shamba) inaishia ku mupaka yako, iyo plani haijafika hata nusu.

Kisha uliza shamba ni ya nani, kitu yenye proje mingi zinasahau. Huku Bushi, inchi ya Bashi, kalinzi (haki ya shamba ya kudumu) na bwasa (ya kukodi) si kitu moja. Mwenye kalinzi anaweza kupanda miti, watoto wake bataikuta. Mwenye bwasa anakodi kwa muda mufupi tu, na kawaida habamukubalie kupanda kitu ya kudumu, juu muti unaonekana kama vile anataka kubakia na udongo. Sasa ukimuandikia miti kama grevilea na kaliandra unamutafutia matata. Kwake andika matandazo, komposti, majani ya kukata, ama muende pamoja kwa mwenye shamba muongee mbele ya kushika jembe.

Tufike ku mistari ya mitaro, ile inakata kilima pa usawa ili kusimamisha maji. Hapana kupima na macho, ku kilima macho inadanganya. Tengeneza kipimo cha usawa chenye kinafanana na herufi A: miti mbili za metre mbili hivi, unazifunga juu, ingine inapita katikati, kamba inashuka na jiwe. Isimamishe, weka alama pale kamba inagusa muti wa katikati, kisha ugeuze, muguu wa kushoto ukanyage palepale ule wa kuume ulikuwa, uweke alama ingine. Katikati ya hizo alama mbili njo usawa. Sasa unatembea nayo kukata kilima, kamba ikilala pa usawa unapiga kijiti, unaendelea. Anzia juu, sababu maji ya juu yenye haijasimamishwa itabomoa yote yenye umechimba chini. Mutaro ni fanya juu, ni kusema udongo unatupwa upande wa juu, na ku ile tuta unapanda matete ama setaria, ngombe na mbuzi zitakula. Kilima ikisimama sana, mistari inakaribiana. Kazi ya kuchimba ni Juni mpaka Agosti, Septemba mvua ya sezoni A, sezoni ya kwanza ya kulima, ikute yote tayari.

Pembeni ya muto na chemchem, acha ukanda wa majani, jembe isiingie. Bakulima batalalamika, na haki yabo, pale njo udongo muzuri kabisa. Muambie kila mutu anaweza kukata pale majani ya ngombe, ila kulima hapana, na pompe ya dawa isioshewe pale hata kidogo. Mwenye anaona ni ukali wa bure akumbuke teritware ya Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, mito ilishuka na mawe na matope, mamia ya batu bakafariki. Sisemi mustari wa majani ungezuia ile mvua, lakini vilima vyenye vimebaki uchi havikusaidia.

Ba Goma, kwenu ni ingine. Ku mawe ya volkano maji inapotea chini haraka kuliko kutembea juu, basi mbolea na dawa vinashuka nayo. Anzeni na kipimo cha mbolea na siku ya kuitia, mitaro ije nyuma.

Karatasi yenyewe, paji mbili zinatosha: krokii, kazi, mwezi, mwenye kuifanya. Na andika waziwazi nani atatengeneza tuta zenye zimebomoka kisha mvua ya Aprili, na jembe ya nani.