Muulize Mwalimu: Hivi "run" ina maana ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni dobi kwenye hoteli moja hapa Moshi, wageni wetu wengi ni wale wa kupanda mlima. Juzi mama mmoja kaniletea kitenge alichonunua mjini akaniambia "careful, the colours might run", nikabaki namwangalia tu, rangi zikimbie ziende wapi? Jioni mwingine akapiga simu eti "we've run out of towels". Shuleni tulifundishwa run ni kukimbia, basi. Sasa nitazijuaje zote? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba dada yangu. Huyo mama alikuwa anakwambia kitenge kinaweza kuchuja rangi, yaani usije ukakiloweka na mashuka meupe. Na huyo wa simu taulo zimewaishia, wapelekee nyingine.

Wala usijione mzito. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", maana 430. Baadae walipokuja kuandika upya herufi R, run ikaipita, maana 645 na hapo ni kitenzi peke yake, mhariri wake Peter Gilliver neno hilo moja lilimla kama miezi tisa. Kwahiyo zote hakuna anayezijua kichwani, hata wenyewe Waingereza.

Ila kuna njia. Tangu Kiingereza cha zamani sana neno hili lilikuwa la mtu anayekimbia na pia la maji yanayotiririka, na Wajerumani mpaka leo wana ndugu yake, rinnen, kwao ni kutiririka. Ukilishika hilo la maji mengi yanakaa sawa: bomba limeachwa wazi, the tap is running, mgeni ana mafua, my nose is running, na rangi ya kitenge nayo ndo hivyo hivyo inaondoka na maji. Mashine zikawaka nazo zika-run, alafu biashara, she runs a hotel, anaendesha hoteli. Kwenye siasa Mmarekani ana-run for president, Mwingereza yeye hupenda kusema stand, sisi tunaita kugombea.

Pa kuweka nguvu ni kwenye vineno vidogo vinavyofuata nyuma, mana vinageuza kila kitu. I ran into him, nimekutana naye bila kutegemea. I ran over him, nimemgonga na gari! Usivichanganye hivyo viwili.

Mbona hata sisi tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na hakuna aliyekaa chini kukukaririsha, uliyasikia yakiwa pamoja ukayabeba pamoja. Fanya hivyo na run, tafuta kidaftari uandike sentensi nzima kama mgeni alivyoitamka na pembeni uandike alikuwa anataka nini, usiandike neno peke yake halitakusaidia.

Moja lishike leo leo kabla ya mengine yote. Mgeni akikwambia "my husband is running a fever", mumewe ana homa, na kama wametoka mlimani usingoje, waambie mapokezi wamtafutie daktari hapo hapo.