Maswali ya Wasomaji: Tangazo Lisilomwacha Mtu Akiuliza

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, Urambo. Nilibandika tangazo ghalani: "Wanachama mnatangaziwa kuwa, kwa mujibu wa maelekezo ya mamlaka husika, zoezi la uwasilishaji wa tumbaku litaanza mapema wiki ijayo. Kila mmoja ahakikishe tumbaku yake inakidhi viwango stahiki." Watu wamelisoma, na bado wananipigia simu kutwa nzima. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu katibu, wanakupigia kwa sababu siku, saa na mahali havimo. Lakini kibaya zaidi ni "viwango stahiki". Mmoja ataelewa unyevu, mwingine rangi, wa tatu usafi wa robota, yaani furushi la tumbaku, na kila mmoja ataamini ametii. Hasara itaonekana sokoni, marobota yakirudishwa.

"Zoezi la uwasilishaji" lifute. Mkulima ndiye mwenye kazi, na kazi yenyewe ni kuleta. Basi mwambie alete. "Mamlaka husika" ama itaje kwa jina, ama iache kama mkulima hana shughuli nayo. Andika hivi:

"Soko la tumbaku ni Jumanne, tarehe 9 Juni, saa 3 asubuhi, kwenye ghala la chama. Leta marobota yako Jumatatu, tarehe 8 Juni, kabla ya saa 10 jioni. Usichanganye majani ya chini na ya juu katika robota moja. Toa nyasi, manyoya na vipande vya plastiki. Usifunge majani yenye unyevu mwingi, yataota ukungu ndani ya robota."

Sababu, yaani ukungu, tumeiweka makusudi. Mtu akijua kwa nini, hahitaji kusimamiwa.

Saa ziandike kama watu wanavyozitamka. Ukiandika 9:00, wapo watakaofika saa tisa alasiri, na hawana kosa. Makato nayo yapigie hesabu kabisa: kama chama kinakata shilingi 60 kwa kilo, ongeza "Ukiuza kilo 200, makato ni shilingi 12,000." Hapo ndipo ugomvi mwingi wa siku ya malipo unapozimwa mapema.

Kabla ya kubandika, msomee mwanachama mmoja kwa sauti, mara moja tu, kwani wengi watalisikia likisomwa mkutanoni. Usimuulize kama ameelewa. Kwa adabu atasema ndiyo. Muulize: "Jumatatu utafanya nini?" Akisita, sentensi aliyokwama ndiyo ya kuandika upya.

Tangu mwaka 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hatua kubwa, ila Kiswahili kizito nacho humfungia mwananchi mlango.

SWALI: Naweka kumbukumbu za kikundi cha akina mama wakausha dagaa, Kibirizi, Kigoma. Nikiandika kwa kifupi, wazee wa kikundi wanasema nawaamrisha. Nifanyeje?

JIBU: Dada, heshima iweke kwenye salamu na kwenye "tafadhali", siyo kwenye kuzungusha maneno. Kwa mfano: "Mama zetu na ndugu wanakikundi, salaam. Tafadhali leteni marejesho ya mkopo kwa mweka hazina Ijumaa, tarehe 12 Juni, kabla ya saa 8 mchana. Aliyekwama amwone mweka hazina kabla ya siku hiyo, wapange pamoja." Sentensi hiyo ya mwisho usiikate hata karatasi ikiwa ndogo, asiye na pesa naye anahitaji kujua la kufanya.