Uvimbe Upi, Ndugu Mfasiri?

Swali: Ninatafsiri makala ya kitabibu na nimeandika hivi: "Dawa iliyobebwa na chembechembe ndogo sana za nano ilipunguza uvimbe kwenye ubongo baada ya kiharusi cha damu." Mwenzangu anashikilia kwamba niandike "nanopatikali". Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Si wewe wala si mwenzako, ila kosa lenu la nano ni dogo kama jina lake, kwa hiyo tulimalize upesi. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, lenye maana ya mbilikimo, na katika vipimo ni sehemu moja ya bilioni. Chembe hizi kwa kawaida huwa na upana wa nanomita 1 hadi 100, ilhali chembe nyekundu ya damu ina takriban nanomita 7,000. Basi "ndogo sana za nano" ni sawa na "mbilikimo mfupi sana". Tena hiyo a-unganifu yako inaifanya nano ionekane kuwa ni kitu. Chembe za chumvi zimetokana na chumvi, chembe za mchanga zimetokana na mchanga, lakini sijamwona bado mtu aliyechota nano kwa kiganja. Andika "chembe nano", kama tusemavyo "chembe hai". "Nanopatikali" sitaipigia kelele, ingawa inatufanya tuonekane kama watu walioishiwa chembe, nasi tunazo tele.

Kinachonikosesha usingizi ni huo uvimbe wako. Neno hili limegeuzwa gunia ambalo kila mfasiri wa tiba hutupia humo asichotaka kukifikiria. Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, wazo la kwanza linalomjia ni saratani. Katika kiharusi cha aina unayoizungumzia, damu iliyovuja huganda ikawa donge linaloukandamiza ubongo, na donge hilo nimeona likiitwa uvimbe. Maji hujaa katika tishu zinazolizunguka. Nayo yameitwa uvimbe. Kisha mabaki ya damu, hasa hemoglobini (ile inayoipa damu wekundu wake) na madini ya chuma yanayotoka humo, huzichokoza seli za kinga za ubongo ziitwazo mikroglia, nazo humwaga kemikali zinazoumiza hata seli zilizosalimika na kuudhoofisha ukuta unaozuia vitu kupita ovyo kutoka kwenye damu hadi ubongoni. Hilo la mwisho, ambalo Waingereza huliita "inflammation", ndilo ambalo watafiti wako walilenga kulipunguza, na wewe ukaliita, bila haya, uvimbe.

Hebu isome sentensi yako kana kwamba wewe ni daktari. Dawa ilipunguza uvimbe upi? Kama ni donge, hapo pengine tungemwuliza mpasuaji. Kama ni maji, dawa iitwayo manitoli ilikuwa ikitumika kupunguza shinikizo kichwani kabla ya hizo chembe kusikika. Kama ni saratani, nani alimwambia mgonjwa kwamba anayo? Mrumi Celsus, katika karne ya 1, alitaja dalili nne za hiyo "inflammation": wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni dalili moja kati ya nne, na kuipa hali nzima jina hilo ni kumwita tembo mkonga. Isitoshe, mikroglia zinaweza kuchachamaa pasipo jicho kuona chochote kilichovimba. Kitenzi "vimba" chenyewe kina kazi za kutosha: mguu huvimba, mlafi huvimbiwa, na mwenye majivuno huvimba kichwa, ambaye kwa tafsiri yako naye angestahili kudungwa chembe nano.

Neno tunalo, nalo ni "mchochota", kutokana na "chochota", yaani kuwasha na kuchoma. Linataja kinachotendeka mwilini, si umbo linaloonekana nje. Najua "inflamesheni" imekwisha kuzoeleka vinywani mwa watu wa tiba, na nimechoka kupigana nayo. Angalau haimtishi mtu kwa saratani asiyokuwa nayo.

"Kiharusi cha damu" nacho hakisemi kitu, kwa kuwa kila kiharusi ni cha damu, iwe imezuiwa kupita au imevuja. Kitenzi "beba", kwa upande mwingine, nakupongeza kwacho, maana chembe hizo huibeba dawa na kuikinga isivunjwevunjwe njiani kabla ya kufika. Mwisho, chunguza majaribio yalifanywa kwa nani. Mengi ya aina hii hufanywa kwa panya, na panya huyo ana haki ya kutajwa. Ikiwa ndivyo, andika: "Dawa iliyobebwa na chembe nano ilipunguza mchochota katika ubongo wa panya baada ya kiharusi cha kuvuja damu."

Mwenzako akinung'unika, mwachie inflamesheni yake. Uvimbe usimwachie.