Rimoti ya lori lako: hesabu chaneli kwanza

Pole, ndugu yangu wa Jinja. Lori la kuchezea la kupanda mawe, lenye gia mbili na winchi, rimoti imekufa, na unataka ya chaneli 2 kwa kuwa ni nafuu. Usiinunue. Kila kitu unachokiongoza kwa rimoti kinahitaji chaneli yake. Usukani, mwendo, gia na winchi: hizo ni 4 tayari. Mimi ningechukua FlySky GT5, ina 6.

Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya lori, lazima ielewane na rimoti. Zote kuandikwa GHz 2.4 (masafa ya redio) hakutoshi, kila kampuni ina lugha yake. Nunua vikiwa pamoja.

Ukishafunga, weka lori juu ya tofali, magurudumu yaning'inie, ongeza mwendo kidogo kisha zima rimoti. Yakiendelea kuzunguka, panga upya failsafe, ule mpangilio wa kusimamisha lori mawimbi yakikatika. Nakuomba usiruke hatua hii. Langu lilipoteza mawimbi kando ya ziwa, Entebbe, likanyoosha hadi majini. Nilichomoa risiva pini zimejaa matope.

Betri ya LiPo (ya lithiamu, ile inayoendesha lori) usiichomeke moja kwa moja kwenye risiva, unaweza kuunguza risiva. Umeme upitie ESC, yaani kidhibiti mwendo cha mota. Kama betri imevimba, usiichaji tena. Na kama hujawahi kulehemu nyaya, mpelekee fundi wa elektroniki.