Mbona volkeno ziko Chile, Brazili hazipo?

SWALI: Shuleni tuliambiwa chini ya ardhi kuna moto kila mahali. Sasa kwa nini Chile na Indonesia zimejaa volkeno, na Brazili haina hata moja iliyo hai?

JIBU: Joto kweli lipo kila mahali. Kinachopotosha ni ile picha ya bahari ya moto. Tabaka nene lililo chini ya gamba la dunia ni jiwe gumu karibu lote, ingawa joto lake hufikia nyuzi 1,300 na zaidi. Haliyeyuki kwa sababu limebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Volkeno hutokea pale tu penye kitu cha kuliyeyusha.

Kitu hicho mara nyingi ni mojawapo ya viwili. Mabamba, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanapoachana, jiwe la chini hupanda kuziba pengo. Hupanda na joto lake lile lile, ila mzigo umepungua, basi huanza kuyeyuka bila kuongezewa hata nyuzi moja. Ndivyo ilivyo katikati ya Atlantiki, na kwa kiasi fulani kwenye Bonde la Ufa, zilipo volkeno za Nyiragongo na Ol Doinyo Lengai. Milipuko mingi ya aina hii hutokea kwenye sakafu ya bahari, hakuna anayeiona.

La pili ni maji, na hapa watu hushangaa. Bamba la bahari linapozama chini ya jingine hushuka na maji yaliyonaswa ndani ya madini yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji hayo hukamuliwa na kupanda kwenye jiwe la moto lililo juu. Jiwe lenye maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko jiwe kavu. Ndiyo maana volkeno za Japani, Indonesia na Chile hujipanga mstari unaofuata mfereji wa bahari, yaani bonde la kina kirefu pale bamba linapozama, lakini mbali nao kidogo. Maji hayo hayo hugeuka mvuke na kuzifanya zilipuke kwa kishindo, kama Pinatubo ya Ufilipino mwaka 1991. Brazili iko katikati ya bamba lake. Hakuna kinachoachana wala kinachozama.

SWALI: Himalaya je? Si mabamba yanagongana pale?

JIBU: Yanagongana, lakini ni bara kwa bara. Gamba la bara ni jepesi, halizami kirahisi. Hukunjamana na kupanda juu. Sakafu ya bahari iliyokuwa katikati ilishamezwa zamani. Matetemeko yamebaki, kama lile la Nepal mwaka 2015. Hata bamba la bahari likizama si lazima volkeno ziwepo: chini ya Peru ya kati bamba la Nazca limekwenda karibu kulala, halikuacha nafasi ya jiwe la moto juu yake, na volkeno hai zimekatika hapo.

SWALI: Na Hawaii, iliyo mbali na kingo zote?

JIBU: Hapo kuna nguzo ya jiwe lenye joto la ziada linalopanda kutoka chini sana. Bamba la Pasifiki linapita juu yake kuelekea kaskazini-magharibi, sentimita chache kwa mwaka, kwa hiyo visiwa huzaliwa kwa zamu. Kauai, chenye umri wa miaka milioni 5 hivi, kimeshapoa. Kilauea bado inatema lava. Kusini yake kuna volkeno nyingine inayokua chini ya maji, kilele chake kikiwa bado kama kilomita 1 chini ya uso wa bahari.