Mbona bei yangu si bei yako?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza kuhusu bei za vyakula na bidhaa za nyumbani zinazobadilika kulingana na mnunuzi. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya zile nyingine yanaiegemea.

Swali: Mimi na wifi yangu tulikuwa sebuleni kwangu Kasarani. Tulifungua apu ileile ya supamaketi na kutafuta mafuta ya kupikia ya lita 2, chapa moja. Kwangu ilisoma shilingi 685, kwake 649. Simu yangu ni ya bei ghali kuliko yake. Je, apu imeniona tajiri? (Mama wa Kasarani)

Jibu: Huenda, dada, lakini simu ishukiwe mwisho. Anza na tawi. Apu huchukua tawi lililo karibu na alama uliyoweka kwenye ramani. Ikiwa alama ya wifi yako bado iko kazini kwake Westlands, basi mlikuwa mkitazama rafu za maduka mawili, na matawi ya duka moja yanaweza kuuza kwa bei tofauti. Kisha angalia kama yeye ni mteja mpya, maana wageni hupewa punguzo la oda za kwanza. Mwisho fungua maelezo ya bidhaa msome ujazo: chupa ya lita 1.8 na ya lita 2 hufanana sana kwenye picha ndogo.

Mambo hayo yakiondolewa ndipo jaribio lina maana. Andikeni bidhaa kumi mnazonunua kila mara: unga kilo 2, sukari kilo 2, mafuta lita 2, maziwa mililita 500, mkate gramu 400, majani ya chai gramu 250, mchele, chumvi, sabuni ya kufulia na tishu. Bidhaa moja haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa kosa la mtu aliyeingiza bei. Wekeni alama moja ya ramani na mhakikishe jina la tawi ni lilelile kwenye simu zote mbili. Fungueni kila bidhaa kwa pamoja na kupiga picha ya skrini ambayo saa inaonekana juu. Kazi yote imalizike ndani ya dakika tano au kumi.

Sasa badilishaneni akaunti: wewe ingia kwa akaunti yake kwenye simu yako, naye aingie kwa yako. Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Bei ya 685 ikihamia simu yake pamoja na akaunti yako, chanzo ni akaunti, yaani historia yako ya ununuzi au kundi ambalo mfumo umekuweka. Ikibaki kwenye simu yako hata chini ya jina lake, basi kifaa chenyewe kinahusika. Isipofuata chochote, ikawa inapanda na kushuka tu, hiyo ni bei ya saa au ya bahati nasibu. Rudieni siku ya pili kwa saa tofauti kabla ya kuamua. Na fanya hivi na mtu unayemwamini kabisa, kwa sababu akaunti hizi mara nyingi zimeunganishwa na M-Pesa au kadi ya benki. Mkimaliza, tokeni na mbadilishe nywila.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kulinganisha jumla ya mwisho ya oda. Jumla ina ada ya kupeleka, ada ya huduma na wakati mwingine ada ya oda ndogo. Mvua ikinyesha na bodaboda zikapungua, ada ya kupeleka inaweza kupanda kwa kila mtu. Linganisha bei ya bidhaa peke yake.

Tumetaja bahati nasibu kwa sababu ya yaliyotokea Marekani. Desemba 2025 mashirika ya kutetea walaji yalitoa matokeo ya uchunguzi wa Instacart, apu ya kuagiza bidhaa za dukani. Watu 437 wa kujitolea, katika miji minne, walitafuta bidhaa zilezile, duka lilelile, wakati mmoja. Baadhi ya bidhaa zilionyeshwa kwa bei hadi tano, na tofauti ikafika asilimia 23. Kampuni ilisema makundi yalipangwa kiholela, bila kutumia taarifa binafsi za wateja, na mwezi huohuo ikasitisha majaribio hayo. Mfumo wa namna hii huonyesha kundi moja bei ya juu na jingine ya chini, kisha huhesabu wangapi wamekataa kununua. Ukiwa ndani ya kundi la juu utahisi umelengwa, kumbe ni kura imekuangukia. Kwetu sisi hilo halipunguzi ubaya wake, kwani fedha zimetoka mfukoni mwako na hukuulizwa.

Kulengwa kwenyewe pia kunawezekana. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba mahali mtu alipo, kurasa anazotazama na hata bidhaa anazoziacha kwenye kikapu bila kulipia ni taarifa zinazoweza kutumika kumpangia bei.

Swali: Jirani yangu hapa Umoja hutumiwa SMS za punguzo la nepi. Mimi situmiwi, na sote tuna kadi ya pointi ya duka hilohilo na watoto wa umri mmoja. Kadi yangu ina kasoro? (Baba Pacha)

Jibu: Kadi yako ni nzima, Baba Pacha. Barua yako imegusa mahali ambapo bei ya mtu binafsi hujificha zaidi: kwenye punguzo. Bei ya rafu ni moja kwa wote, ila kuponi inamfikia mmoja. Huenda jirani alikaa wiki kadhaa bila kununua nepi hapo, mfumo ukaona pengo, ukamtumia chambo arudi. Wewe unanunua kila wiki bila kubembelezwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kukupunguzia. Uaminifu wako ndio unaokugharimu. Nunua nepi kwingine mwezi mmoja uone kama SMS itakuja.

Wakati huo pima thamani ya pointi. Ukitumia shilingi 8,000 kwa mwezi na pointi zake zikageuka shilingi 40, umerudishiwa nusu ya asilimia moja. Kikapu hichohicho kikiwa nafuu kwa asilimia 3 kwenye duka la ng'ambo ya barabara, umeacha shilingi 240 ili ufuate 40. Na kadi hubeba namba yako ya simu pamoja na kila ulichonunua. Bidhaa zinazofichua afya au mimba zilipie bila kuitoa.

Swali: Rafu inasema 120, keshia anapiga 135. Hii nayo ni algoriti, yaani programu ya kompyuta inayopanga bei yenyewe? (Msomaji, Rongai)

Jibu: Kwa kawaida hapana. Ofa imeisha kwenye mfumo na karatasi haijabanduliwa, au bei mpya imeingia kwenye kompyuta kabla ya rafu. Piga picha ya lebo, msimbopau (ile mistari myeusi ya kuskani) uonekane, na umwite msimamizi kabla hujalipa. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko.

Swali: Nimefanya majaribio na nina hakika akaunti yangu inatozwa zaidi. Je, hapa Kenya ni halali? (Mwalimu, Kawangware)

Jibu: Mwalimu, kutoza wateja bei tofauti si kosa peke yake, na sheria zetu hazijataja algoriti ya bei kwa jina. Jimbo la New York limetangulia: tangu Novemba 2025 muuzaji anayetumia taarifa za mteja kumpangia bei lazima aandike kando ya bei kwamba imepangwa na algoriti kwa kutumia taarifa zake binafsi.

Silaha yako ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, kuziona na kupinga matumizi yake. Kifungu cha 35 kinahusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee yenye athari kubwa kwa mtu, lakini usikiegemee sana, maana duka litabisha kwamba tofauti kama ile ya shilingi 36 za mafuta ya Kasarani si athari kubwa. Anza na 26.

Liandikie duka barua pepe, ukitaja namba ya simu na ya kadi unayotumia. Uliza mambo manne: mna taarifa gani zangu, mmezipata wapi, mmempa nani, na je, zinatumika kunipangia bei au punguzo. Hilo la mwisho liandike kwa maneno hayohayo, kwa sababu ukiuliza kijumla utatumiwa nakala ya sera ya faragha na basi. Kwa kanuni za sheria hiyo za 2021, ombi la kuona taarifa zako hujibiwa ndani ya siku saba, bila malipo. Siku zikipita kimya, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yake. Sheria inaipa siku 90 kulichunguza na kulimaliza. Ambatisha barua pepe yako yenye tarehe, na zile picha za skrini zenye saa, za akaunti zote mbili, kabla na baada ya kubadilishana.