Maswali yenu kuhusu Hemingway

Wiki iliyopita nilimgusia Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani (1899–1961), na maswali yakamiminika. Haya manne ndiyo yaliyonivuta.

Je, aliwahi kupanda Kilimanjaro? Msomaji, Moshi

Hakupanda. Januari 1934 alikuwa akiwinda Serengeti, akashikwa na kuhara damu hadi ndege ndogo ikaja kumchukua kwenda kutibiwa Nairobi. Mwaka 1936 akatoa hadithi *The Snows of Kilimanjaro*, ya mwandishi anayeoza mguu porini, akiingoja ndege huku akijutia yote aliyoahirisha kuyaandika. Chui aliyeganda barafuni, anayetajwa mwanzoni mwa hadithi hiyo, si wa kubuni: mmisionari Richard Reusch alimkuta huko kileleni mwaka 1926.

Kweli alisoma tanzia zake akiwa hai?

Kweli tupu. Januari 1954, huko Uganda, ndege aliyopanda na mkewe Mary iligonga waya wa zamani wa simu karibu na maporomoko ya Murchison. Walilala porini. Kesho yake boti ikawafikisha Butiaba, wakapanda ndege nyingine. Hiyo nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka! Mlango ulikwama, akaubomoa kwa kichwa. Magazeti ya ng'ambo yalikuwa yameshamzika, na yeye yuko Nairobi, fuvu limepasuka, anayasoma. Mwaka huohuo alishinda Tuzo ya Nobel, lakini Stockholm kuipokea hakwenda. Hotuba yake alisomewa na balozi wa Marekani.

Mwalimu wangu anasema mwandishi mkubwa hutumia maneno magumu. Mbona huyu ni mwepesi hivi?

Mwalimu shikamoo, ila hapa tutapishana. Akiwa na miaka 18 Hemingway aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star, ambalo kanuni yake ya kwanza ilikuwa sentensi fupi. Baadaye alifananisha uandishi na jabali la barafu linaloelea baharini: sehemu moja tu kati ya nane huonekana. Lakini hizo saba zilizozama mwandishi lazima azijue, maana akiruka jambo kwa kutolijua, pengo litaonekana. Na wepesi huo ulimtoa jasho. Ukurasa wa mwisho wa riwaya yake *A Farewell to Arms* (1929) aliuandika upya mara 39, kwa maelezo yake mwenyewe. Mimi safu hii nimeirudia mara mbili na mgongo unauma.



Katika kitabu chake cha safari ile ya kwanza, sisi tumo?

*Green Hills of Africa* (1935). Tumo, na Kiswahili kimetapakaa kurasa nzima. Aliyenikaa moyoni ni M'Cola, mzee mbeba bunduki, ambaye Hemingway anamheshimu na kumtania kama rafiki. Hata hivyo nilifunga kitabu bila kujua M'Cola alipofika kwake aliwasimulia nini kuhusu mgeni yule.